Mkojo, sukari, presha na magoti: tutajuaje kipi hasa kinamwondolea mzee raha ya maisha?

Mhudumu_Ujiji aliuliza:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Swali langu ni la kikazi. Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kigoma tukipita nyumba kwa nyumba, kwa wazee malalamiko ya mkojo hayaji peke yake. Chukueni mfano wa mzee wa miaka 71. Ana kisukari, ana presha, magoti yanamuuma, miguu inavimba ikifika jioni, na usiku anaamka mara nne kukojoa. Mkojo unatoka kwa kukatikakatika. Barazani haendi tena, safari ya basi kwenda kwa mwanawe Tabora ameiacha, na Alfajiri anaswali nyumbani. Familia imeshakubaliana kwamba ni tezi dume, kinachosubiriwa ni pesa ya upasuaji tu.

Nitajuaje ni mkojo wenyewe unaomrudisha nyuma au ni hayo maradhi mengine? Kuna dodoso la kutumia, na linatosha? Nikimwandikia rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, niandike nini ili daktari asianze upya? Na kwa akina mama wanaovuja mkojo, maswali ni hayohayo?

---

Tabibu_wa_Bara alijibu:

Mkuu, swali zuri sana, kwa sababu wazee wengi wanapewa dawa za tezi miezi na miezi huku usiku wao haujabadilika hata kidogo.

Dodoso lipo, linaitwa IPSS. Lina maswali saba kuhusu mwezi mmoja uliopita: mara ngapi alihisi kibofu hakijaisha baada ya kukojoa, mara ngapi alirudi chooni kabla ya saa mbili kupita, mara ngapi mkojo ulikatika ukaanza tena, mara ngapi alishindwa kuuzuia, mara ngapi ulitoka bila nguvu, mara ngapi alijikamua ili uanze, na usiku huwa anaamka mara ngapi. Kila swali lina alama 0 hadi 5. Kwa yale sita ya mwanzo, 0 ni haijatokea kabisa, 1 ni chini ya mara moja katika tano, 2 ni chini ya nusu, 3 ni kama nusu, 4 ni zaidi ya nusu, 5 ni karibu kila mara. La usiku ni hesabu ya moja kwa moja: kuamka mara moja ni 1, mara tano au zaidi ni 5. Jumla ikiwa 0 hadi 7 dalili ni ndogo, 8 hadi 19 ni za kati, 20 hadi 35 ni kali.

Wazee wengi hawajibu vizuri ukiwauliza habari za nusu na robo. Mwekee punje kumi za maharage mezani. Mwambie hizi ni safari kumi za kukojoa, azitenge zile ambazo mkojo ulikatika. Akitenga tatu, ni chini ya nusu, unaandika 2.

Baada ya hapo kuna swali la nane, ambalo wengi wanaliruka na ndilo unalolitafuta wewe. Anaulizwa: kama maisha yako yote yaliyobaki mkojo utabaki hivi ulivyo sasa, utajisikiaje? Majibu yanaanzia 0, kwamba atafurahi, hadi 6, kwamba haitavumilika. Hii namba usiijumlishe na zile saba, iandike pembeni. Wanaume wawili wanaweza kupata 15 wote, mmoja akajibu 2 na mwingine 5. Yule wa 2 choo kipo hatua chache toka kitandani na magoti mazima. Yule wa 5 choo ni cha shimo nyuma ya nyumba, njia haina taa, na kila akichuchumaa anahitaji mtu wa kumwinua. Kibofu ni kilekile. Kinachotofautiana ni mwili mwingine wote na mazingira.

Kwa hiyo IPSS peke yake haitoshi. Haiulizi maumivu, haiulizi damu, haiulizi kuvuja. Haijui kama mtu ana sukari. Ongeza swali moja la kwako baada ya la nane: "Mzee, huu mkojo ukipona leo, kesho asubuhi ni jambo gani bado hutaweza kulifanya?" Akisema "kutembea hadi msikitini bado sitaweza, magoti," umeshajua upasuaji wa tezi hautamrudisha msikitini. Kisha geuza: "Na magoti yakipona leo mkojo ukabaki?" Zungusha hivyo kwa kila ugonjwa alionao. Inachukua dakika kumi, na majibu yake yanaisaidia familia kupanga pesa yao.

---

Nesi_Kasulu alijibu:

Naungana na daktari, ila mimi ningeanza na kopo kabla ya dodoso. Kumbukumbu ya binadamu kuhusu mkojo wake ni dhaifu mno. Daftari la mkojo la siku tatu linasema ukweli.

Kopo la kupimia si lazima ununue. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate chini kidogo ya mabega. Bandika plasta nyeupe wima ubavuni kutoka chini hadi juu. Chukua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, mimina maji mara tano, hapo ni mililita 100, chora mstari. Endelea hadi 700. Makali ya mdomo yazungushie plasta yasimkate. Kwa mama, akojolee kwenye beseni dogo kisha amimine kwenye kopo.

Kwenye daftari weka safu nne: saa, kiasi cha mkojo, alichokunywa na kiasi, na alama kama alivuja au alikimbilia choo. Asiyejua kuandika, mjukuu aandike. Aandike pia saa ya kupanda kitandani na saa ya kuamka moja kwa moja.

Kosa linaloharibu hesabu ni hili. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni mali ya usiku uliopita, kwa sababu umetengenezwa akiwa amelala. Asubuhi ya siku ya kwanza usiuhesabu, anza na unaofuata. Asubuhi ya pili unauhesabu, lakini unauweka upande wa usiku. Na ule wa mwisho kabla ya kulala ni wa mchana.

Kosa jingine: mtu akishapewa kopo anaanza kunywa maji kidogo ili namba zipendeze. Mwambie mapema aishi kama kawaida, kahawa yake na uji wake kama kawaida.

Ukipata daftari, leta hapa namba tuzisome pamoja.

---

Mfamasia_Nzega alijibu:

Kabla ya kulaumu tezi, mwambieni mzee amwage mfuko wake wote wa dawa mkekani. Na zile za dukani, na za mitishamba.

Angalia kwanza dawa ya presha. Kama ni ya kukojosha, mfano furosemidi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, uliza anaimeza saa ngapi. Furosemidi inafanya kazi kama saa sita. Akiimeza saa 2 usiku baada ya chakula, hadi saa 8 usiku itakuwa inamwamsha, na hapo hakuna tezi. Dawa hiyo humezwa asubuhi, au mchana kama daktari aliyeiandika amekubali. Usimwachishe, mpeleke kwa daktari wake wabadilishe saa.

Amlodipini na nifedipini zinavimbisha miguu. Maji yaliyojikusanya miguuni mchana yanarudi kwenye damu mtu akilala, figo inayatoa, mzee anaamka. Kaptopril na enalapril zinaweza kuleta kikohozi kikavu, na mama mwenye misuli dhaifu ya nyonga kila akikohoa anavuja.

Kundi la pili ni dawa zinazozuia kibofu kukamua. Hizi ndizo za hatari kwa mwenye tezi kubwa: klorfeniramini ya mafua inayouzwa kila duka kwa jina la Piriton, dawa za mafua zenye kubana mishipa ya pua, amitriptilini ya ganzi za miguu za kisukari, na Buscopan ya msokoto wa tumbo. Mzee aliyekuwa anakojoa kwa shida akameza dawa za mafua siku mbili, siku ya tatu mkojo unaweza kuziba kabisa. Inatokea sana msimu wa baridi na vumbi.

Na kama ameshaanzishwa dawa za tezi: tamsulosini ya miligramu 0.4 ni mara moja kwa siku, baada ya mlo uleule kila siku, na hailegezi tezi tu bali inashusha presha pia. Akiinuka ghafla usiku kizunguzungu kinamwangusha. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, ndipo asimame. Kwa baadhi inapunguza au kuondoa manii wakati wa tendo. Haina madhara mwilini lakini msipomwambia, ataiacha kimyakimya na hatasema kwa nini. Kama ana mtoto wa jicho na anasubiri upasuaji, daktari wa macho lazima aambiwe kwamba anatumia tamsulosini, kwa sababu mboni inalegea wakati wa upasuaji. Finasteridi ya miligramu 5 ni habari nyingine, inapunguza ukubwa wa tezi polepole, na faida yake huchukua miezi sita kuonekana vizuri. Anayeimeza wiki tatu na kusema haifanyi kazi, hajaipa muda. Vidonge vyake vilivyovunjika visishikwe na mjamzito.

---

Mhudumu_Ujiji aliandika:

Asanteni sana. Namba za daftari ninazo. Siku zote tatu zinafanana, naweka ya siku ya pili.

Mchana amekojoa mara tano, jumla mililita 900. Amelala saa 4 usiku. Saa 6 usiku mililita 230, saa 7 na nusu 220, saa 9 usiku 200, saa 10 na nusu 190, na saa 12 asubuhi alipoamka 260. Alichokunywa: chai kubwa asubuhi, maji kidogo mchana, kahawa chungu vikombe vitatu jioni, uji bakuli zima saa 3 usiku na maji ya dawa. Mboga ya usiku dagaa wa chumvi.

Dawa ni metfomini ya kisukari na amlodipini ya presha. IPSS ni 14, swali la nane ni 5. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 13.6.

---

Nesi_Kasulu alijibu:

Kazi safi. Sasa tuisome.

Usiku pamoja na ule wa asubuhi: 230 na 220 na 200 na 190 na 260, jumla 1,100. Siku nzima 2,000. Usiku unabeba asilimia 55. Kwa mtu aliyevuka miaka 65, usiku ukizidi asilimia 33 tunasema figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku kuliko inavyotakiwa. Na tazama ukubwa wa kila mkojo: karibu 200 kila mara. Kibofu kinachobanwa na tezi au kinachowashwa na uambukizi mara nyingi kinatoa 60, 80, 100 halafu mtu anarudi. Hiki kinabeba na kinatoa. Kinajazwa tu usiku kucha.

Mkojo unaokatikakatika unaweza kweli kuwa ni tezi, sikatai, apimwe. Lakini kuamka mara nne hakutokani na tezi hasa. Ukimkata tezi leo, kuna uwezekano mkubwa aendelee kuamka, na familia itakuwa imeuza shamba.

Sababu zinazoonekana hapo: sukari, miguu, chumvi, na vinywaji vya usiku.

Sukari kwenye damu ikipita kama 10, figo inashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Yeye ana 13.6 hata kabla ya kula. Hiyo peke yake inamkojoza na kumtia kiu, anakunywa, anakojoa tena. Dawa ya kisukari ipitiwe upya kliniki.

Miguu: alasiri, tuseme kuanzia saa 9, alale chali saa moja hadi mbili, miguu juu ya mito miwili hadi ipite usawa wa moyo. Maji yatoke kabla ya usiku. Kukaa kwenye kiti miguu ikining'inia hakusaidii. Daktari aambiwe kuhusu amlodipini, na asikilize moyo, kwa sababu miguu kuvimba kwa mwenye presha na sukari inaweza kuwa moyo au figo. Akihema kwa shida akilala chali, hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Kahawa ya baraza aihamishie asubuhi, kikombe kimoja. Uji ushuke hadi nusu bakuli na uliwe kabla ya saa 1 usiku. Dagaa wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe mara mbili, au anunuliwe wasio na chumvi, Kigoma hawakosekani. Watu hawaamini lakini chumvi ya chakula cha jioni inakojosha usiku.

Nasisitiza: asiache kunywa maji mchana. Wazee wanaoogopa mkojo wanajikausha kabisa, mkojo unakuwa mzito na kuwasha kibofu, choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu kinakibana kibofu kutoka nyuma. Wanakuwa wamejiongezea tatizo.

Uliza pia kama anakoroma kwa kukatika pumzi, mkewe anajua. Kukoroma kwa namna hiyo kunaufanya moyo utoe homoni inayokojosha usiku. Na uliza kinachomwamsha. Mtu akiamshwa na goti halafu "nikiwa macho bora nikojoe," huyo anahitaji tiba ya goti.

Kuhusu safari ya basi ya Tabora: kiti cha pembeni ya njia, karibu na mlango. Akojoe mara mbili kabla ya kupanda, yaani akimaliza asubiri dakika mbili ajaribu tena. Achukue chupa yenye mdomo mpana na kanga ya kujifunika. Maji anywe kidogokidogo, chai na kahawa asinywe asubuhi hiyo.

---

Mwalimu_Urambo alijibu:

Samahani wataalamu, nina ubishi kidogo na haya madodoso. Kuna mradi ulitumia EQ-5D: unauliza kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, halafu mtu anajipa alama ya afya yake kutoka 0 hadi 100. Tatizo, humo hamna usingizi, hamna aibu wala ibada. Mzee anayenuka mkojo na aliyejitenga na watu anaweza kutoka na alama nzuri kwa sababu anatembea na hana maumivu.

---

Tabibu_wa_Bara alijibu:

Mwalimu, ubishi wako ni halali. EQ-5D inafaa ukitaka kulinganisha mkojo na goti na sukari kwa kipimo kimoja. Haikutengenezwa kuona aibu. Ndiyo maana dodoso la ugonjwa wenyewe na dodoso la afya kwa jumla vinakwenda pamoja, na tofauti kati yake ina maana. Mtu mwenye IPSS ya 9 tu lakini kila kitu kingine kibaya, usimpeleke kwa daktari wa mkojo kwanza. Mwenye EQ-5D nzuri lakini swali la nane ni 6, huyo maisha yake yanaliwa na kibofu hata kama anatembea vizuri.

Huzuni iulizwe waziwazi. Maswali mawili yanatosha kuanzia, ya wiki mbili zilizopita: mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na mara ngapi amejisikia mnyonge au kukata tamaa. Kila moja 0 hadi 3: hapana, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ikifika 3, apelekwe aongee na mtaalamu. Kukosa usingizi kunaleta huzuni, na mwenye huzuni mkojo mdogo humkera kuliko wengine. Usijaribu kuamua kipi kilianza. Tibu vyote viwili.

---

Mkunga_Kibondo alijibu:

Dada au kaka mhudumu, kuhusu akina mama.

IPSS ilitengenezwa kwa wanaume na haina swali la kuvuja, kwa hiyo itakupotosha. Muulize anavuja lini. Akikohoa, akicheka, akiinua ndoo au mzigo wa kuni: ni misuli ya nyonga imelegea. Akiwa njiani kukimbilia choo: kibofu kinabana kabla ya wakati. Usiku na mchana, amesimama amelala, kitambaa hakikauki kabisa, hasa baada ya uchungu wa siku nyingi au upasuaji wa uzazi: fikiria fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haitibiwi kwa mazoezi wala kwa vidonge. Aliyejifungua hivi karibuni asichelewe, tundu dogo likiwahiwa na mpira wa mkojo kuwekwa kwa wiki kadhaa linaweza kujifunga lenyewe. Likikomaa ni upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bila malipo, na hospitali ya Bugando Mwanza nao wanaitibu. Mama asiambiwe ni laana au uzembe wake. Ameachwa, amehamishiwa chumba cha nje, haalikwi arusini, na bado anafua vitambaa kutwa. Huyo ndiye mgonjwa ambaye mkojo umechukua kila kitu.

Kwa wanaovuja wakikohoa, mazoezi ya nyonga yana kazi kweli, yakifanywa sawasawa. Abane kama anayezuia hewa isitoke, avute ndani na juu, ahesabu hadi tano, alegeze kwa muda uleule. Tumbo, makalio na mapaja vitulie, na apumue. Bano nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Polepole afikishe sekunde kumi. Wanaofeli wengi wanasukuma chini kama wanaojifungua badala ya kuvuta juu, na hilo linaongeza kuvuja. Asifanyie mazoezi katikati ya kukojoa kila siku, kibofu kitazoea kutoisha.

Kwa wanaokimbilia choo, ni kukifundisha kibofu: kama sasa anakwenda kila saa moja, aongeze dakika 15 kila wiki hadi afike saa tatu. Haja ikimshika, asimame au akae palepale, abane nyonga mara tano za haraka, isubiri ipoe, ndipo atembee. Akikimbia anavuja.

Na kwa Waislamu, hili lizungumzwe kwa heshima kwa sababu wengi wanaacha kuswali wakidhani swala zao hazifai. Mwenye mkojo usiozuilika ana udhuru. Ajitakase, aweke kitambaa safi, atawadhe baada ya wakati wa swala kuingia, kisha aswali bila kuchelewa, na afanye hivyo kwa kila swala ya faradhi. Kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Mwelekeze kwa imamu wake amfafanulie, wengi wanapumua siku hiyohiyo.

---

Maabara_Sikonge alijibu:

Naingiza la maabara. Tunaletewa kila anayeumwa kiuno na kila mwenye kizunguzungu, cheti kimeandikwa U.T.I., yaani uambukizi wa njia ya mkojo. Kwa wazee, bakteria kwenye mkojo bila kuungua, bila homa na bila maumivu mara nyingi ni wakazi tu, hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo. Kumpa mtu dawa za viuavijasumu kila mwezi kwa sababu anaamka usiku kunazalisha usugu, na siku akipata uambukizi wa kweli dawa hazitashika.

Sampuli iwe ya katikati: ajisafishe, ule wa mwanzo umwagike, unaofuata ndio unaokingwa, na ifike kwetu ndani ya saa mbili. Ikikaa juani kwenye bodaboda bakteria wanazaliana, tunasoma uchafu.

Kwa sisi wa upande wa Tabora, na kokote penye mabwawa na majaruba ya mpunga, msisahau kichocho cha mkojo. Damu inayotoka mwishoni mwa mkojo, kukojoa mara kwa mara na maumivu chini ya kitovu, hasa kwa vijana na wakulima. Huko ziwani Kigoma kinachojulikana zaidi ni kichocho cha matumbo, lakini watu wanahama. Mkojo wa kichocho uletwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi, na tone za mwisho zisimwagwe, ndimo mayai yalimo. Tiba ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kula. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Kilichokaa miaka bila tiba kinakomaza ukuta wa kibofu, kinaziba mirija ya figo na kinaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu. Kwa hiyo mzee mwenye damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende akachunguzwe kibofu.

---

Tabibu_wa_Bara alijibu:

Sasa rufaa. Kwa mzee wako ningeandika hivi, mistari michache tu:

"Mwanaume, miaka 71. Kisukari, presha, maumivu ya magoti, miguu kuvimba jioni. IPSS 14, swali la nane (la maisha) 5. Mkojo unakatika. Daftari la siku 3 limeambatanishwa: saa 24 mililita 2,000, usiku 1,100, kila mkojo 190 hadi 260. Sukari kabla ya kula 13.6. Dawa: metfomini, amlodipini. Hakuna damu, hakuna homa, hakuna kuziba mkojo. Anachotaka mgonjwa: alale usiku, asafiri kwa basi. Naomba: sukari na presha vipitiwe, moyo na figo vipimwe, tezi ipimwe kwa kidole na utrasaundi pamoja na mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa."

Yale ya hapana yahakikishe kwa kumuuliza kabla hujayaandika. Hilo la mkojo unaobaki ni muhimu kwa mwenye kisukari. Sukari ya miaka mingi inaua neva za kibofu, mtu hahisi kimejaa, kinabaki na mililita 300 au zaidi na yeye hana habari. Akikatwa tezi wakati kibofu chenyewe kimelegea, hapati nafuu aliyoahidiwa.

Wa kupelekwa siku hiyohiyo ni hawa: aliyeziba kabisa na tumbo la chini limevimba, mwenye homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu, mwenye damu yenye mabonge, na yule ambaye miguu imelegea ghafla au anahisi ganzi sehemu za kukalia pamoja na kushindwa kuzuia mkojo. Huyo wa mwisho ni uti wa mgongo.

---

Mhudumu_Ujiji aliandika:

Nimeelewa vizuri. La mwisho: nyumba ya pili kuna mzee amewekwa mpira wa mkojo, familia inataka apimwe PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, wiki hii. Na mpira unavuja pembeni.

---

Nesi_Kasulu alijibu:

PSA isubiri. Kuziba mkojo, mpira na uambukizi vyote vinaipandisha, apimwe kama wiki sita baada ya hali kutulia. Na kama anameza finasteridi zaidi ya miezi sita, mpimaji aambiwe, kwa sababu inaishusha hadi karibu nusu.

Mpira kuvuja pembeni: angalia kwanza haujakunjika wala kukaliwa, mfuko uko chini ya usawa wa kibofu lakini haugusi sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili. Uliza choo kikubwa, mara nyingi ndicho kinachobana. Kama mkojo unaingia kwenye mfuko na bado unavuja, kibofu kinajikaza dhidi ya mpira, aende kituoni. Kama mfukoni hamna kitu kwa saa kadhaa na tumbo limejaa, umeziba, aende sasa hivi. Uliza uliwekwa lini: wa mpira wa kawaida mwisho wiki nne, wa silikoni hadi wiki 12. Kila akisafishwa, govi lirudishwe mbele. Likiachwa nyuma linavimba na kubana kichwa cha uume.